Lugha Moja, Sheria Mbili: Mkenya na Biashara ya Utalii Nchini Tanzania

Methali isemayo mgeni njoo mwenyeji apone huwakaa vyema watu wa utalii, kwani riziki yao ni wageni. Hata hivyo, methali hiyo haisemi lolote kumhusu mgeni wa pili, yaani yule anayemleta mgeni wa kwanza. Mjerumani anayetua Nairobi akikusudia kuzuru Maasai Mara na kisha Serengeti ni mgeni kotekote. Mkenya anayempeleka ni mwenyeji hadi Namanga. Akishavuka mpaka, naye ni mgeni, na sheria humtazama hivyo hata kama Kiswahili chake ni fasaha kuliko cha afisa anayemgongea muhuri.

Suala hili linawagusa wanafunzi wa Kiswahili moja kwa moja. Aghalabu mhitimu anayewazia utalii huamini kuwa lugha ni nusu ya mtaji wake, na kwamba Arusha ni nyumbani kwa sababu huko kila mtu atamwelewa. Ajabu ni kuwa kazi ambayo lugha hiyo ingemfaa zaidi, yaani kuwaongoza watalii na kuwasimulia habari za nchi, ndiyo hasa aliyofungiwa. Sheria ya Utalii ya Tanzania ya mwaka 2008 iliwatengea raia uongozaji wa watalii pamoja na upandishaji wa wageni milimani. Mnamo Julai 2025, serikali ya nchi hiyo ilitoa agizo lililoorodhesha aina 15 za biashara ambazo asiye raia amekatazwa kuzifanya, na uongozaji wa watalii ukawa miongoni mwazo. Anayekiuka alitajiwa faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi 6. Mtanzania anayemsaidia mgeni kukiuka hakusazwa: kwake ni faini ya milioni 5 au kifungo cha miezi 3. Kwa hivyo, ile hila kongwe ya kuazima jina la rafiki ili liwe pazia imekuwa hatari kwa wote wawili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa jembe lenyewe linahitaji leseni.

Kumiliki kampuni ya kuwasafirisha watalii ni jambo jingine, nalo halijafungwa kabisa. Kampuni husajiliwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni, BRELA, ikapata namba ya mlipakodi, kisha ikaomba leseni ya utalii, ambayo kwa kampuni ya kigeni imekuwa na ada kubwa kuliko ya kampuni ya wenyeji. Mwenye kampuni huhitaji pia kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na hivi ni viwili, vitolewavyo na ofisi mbili tofauti. Kuwa na kimoja si kuwa na kingine. Anayetaka kuendelea hadi Zanzibar na akumbuke kuwa utalii si jambo la Muungano. Visiwani kuna sheria nyingine na Kamisheni ya Utalii yake, na leseni ya Bara haivuki bahari.

Baada ya karatasi huja gari. Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano ya utalii mwaka 1985, na kwa mujibu wake gari la watalii la nchi moja halipaswi kuingia katika mbuga za nchi ya pili. Wageni huhamishwa kutoka gari moja hadi jingine mpakani au katika miji iliyokubaliwa. Isitoshe, njia iliyounganisha Maasai Mara na Serengeti kupitia Sand River ilifungwa mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ya awali iliposambaratika. Nyumbu huvuka hapo kila mwaka bila kuulizwa pasipoti, ilhali mtalii anayewafuata huzunguka hadi Isebania au Namanga. Wala isidhaniwe kuwa Tanzania pekee ndiyo yenye ukali. Mnamo Desemba 2014, Kenya iliyapiga marufuku magari ya watalii ya Tanzania katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na marufuku hayo yaliondolewa Machi 2015 baada ya marais wa nchi hizo kuzungumza.

Yamkini msomaji atauliza: je, Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010 si iliahidi uhuru wa kuanzisha biashara? Iliahidi, na ndiyo hoja ambayo Kenya iliitoa ilipolipinga agizo la 2025. Mkataba wa Jumuiya humruhusu hata mtu binafsi kuishtaki nchi mwanachama katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha, mradi afike katika muda wa miezi miwili. Lakini kesi huchukua muda, na msimu wa nyumbu haungoji hukumu.

Ndiyo sababu njia iliyo salama zaidi kwa mwenye mtaji mdogo ni kuiuza safari akiwa Nairobi, kisha kuingia katika mkataba na kampuni ya Kitanzania iliyo na leseni, magari na waongozaji wake. Hapo lugha hurejea, safari hii ikiwa na meno. Tangu mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama nchini Tanzania, ingawa Kiingereza huruhusiwa katika hali maalumu. Mkenya akiandika kwamba "kodi italipwa na kampuni ya Arusha", huenda mawazoni mwake ana pango la ofisi, kwa kuwa Nairobi kodi ni ya nyumba na serikali hulipwa ushuru. Mwenzake wa Arusha atasoma kodi ya mapato, na kwake ushuru ni tozo ya forodha au ya soko. Mkataba kama huo unahitaji kifungu cha kufasili istilahi, kinachoeleza kodi ni nini, ushuru ni nini, nani atamfidia mtalii gari likiharibika, na mzozo utasikizwa katika mahakama za nchi ipi.