Anakimbia Huku Macho Yanafifia

Hebu jaribu hivi. Kunja karatasi mbili za daftari ziwe kama bomba, ziweke machoni, halafu tembea kutoka kwenye dawati lako mpaka mlangoni. Kilicho mbele unakiona vizuri tu. Lakini ndoo iliyo miguuni huioni mpaka uipige teke, na wenzako wanaangua kicheko. Sasa fikiria huwezi kuyatoa mabomba hayo, na kila mwaka yanazidi kuwa membamba.

Hivyo ndivyo anavyoona mtu mwenye retinaitisi pigmentosa. Jina gumu, lakini jambo lenyewe linaeleweka. Nyuma ya jicho kuna utando uitwao retina, unaopokea mwanga kama filamu za kamera za zamani. Katika ugonjwa huu chembe za retina hufa polepole. Kwa kawaida huanza zile za kuonea gizani, ndiyo maana dalili ya kwanza mara nyingi ni kushindwa kuona usiku. Kisha pembeni panafifia, na katikati ndiko hubaki mpaka mwisho. Wengi huanza kuona dalili wakiwa watoto au vijana wa umri wenu. Eti karogwa? Hapana. Hauambukizi, na miwani haiuponyi. Chanzo ni hitilafu katika jeni, yaani maagizo ya mwili tunayorithi, na wazazi wa mgonjwa wanaweza kuwa wanaona safi kabisa.

Mwingereza Dave Heeley aliambiwa akiwa mtoto wa miaka 10 kwamba atapofuka. Mwaka 2008 alikimbia maratoni 7 katika mabara 7 kwa siku 7. Maratoni moja tu ni kilomita 42 na mita 195! Asiyeona anakimbiaje? Anashika kamba fupi, upande wa pili ameishika mwongozaji. Mwongozaji hasemi mengi: "kona kushoto", "tuta", "maji". Hatua zao lazima ziende pamoja, la sivyo wanakwaana wote wawili.

Na pesa zinatoka wapi? Mkimbiaji anawapitia ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake, kila mmoja anaahidi mchango akimaliza mbio. Maratoni ya London, iliyoanza mwaka 1981, imejaa watu wa namna hiyo, na pesa huenda kwa chama alichokichagua mkimbiaji.

Huko Marekani, Gordon Gund alipofuka kwa ugonjwa huu huu akiwa bado kijana wa makamo. Mwaka 1971 yeye, mkewe Lulie na wenzao walianzisha mfuko wa kugharamia utafiti. Miaka ikapita bila dawa. Kisha mwaka 2001 wanasayansi walitangaza kwamba mbwa waliozaliwa hawaoni, mmoja wao akiitwa Lancelot, wameanza kuona baada ya kuwekewa jeni nzima jichoni. Jeni hiyo hubebwa na kirusi kilichoondolewa uwezo wa kudhuru. Desemba 2017 Marekani ikaruhusu tiba hiyo kwa binadamu. Bei? Dola 850,000 kwa macho mawili.

Tusidanganyane hapa. Tiba hiyo inafaa kwa hitilafu ya jeni moja tu, na jeni zinazoweza kuleta ugonjwa huu ni makumi. Kwa hiyo wengi waliokimbia na kuchangisha hawakupata nafuu yoyote wao wenyewe. Hata hivyo walifunga kamba za viatu.

Kwetu Afrika Mashariki tunaye Henry Wanyoike wa Kenya. Yeye alipofuka mwaka 1995 baada ya kupata kiharusi. Miaka mitano baadaye, Sydney, alishinda mita 5000 kwenye Paralimpiki huku akimvuta mwongozaji wake aliyekuwa mgonjwa! Baadaye alikimbia maratoni na kuwa balozi wa kampeni ya kuchangia tiba ya macho. Kampeni za namna hiyo huku kwetu hutazama zaidi mtoto wa jicho, ambao ndio sababu kubwa ya upofu. Huo huondolewa kwa upasuaji mfupi, na bibi aliyekuwa akishikwa mkono anarudi nyumbani akitembea mwenyewe.

Je, na wewe jioni ikiingia unajikwaa wakati wenzako wanapita tu? Usijifiche nyuma ya masihara yao, na usikubali kutiwa dawa za kienyeji machoni. Inawezekana ni upungufu wa vitamini A, ambao hutibika mapema kwa bei ndogo. Inawezekana ni retina. Kwa kuangalia tu huwezi kujua, wala mwalimu wako hawezi. Nenda kituo cha afya, uulize siku ambayo mtaalamu wa macho anakuwepo, na umwambie waziwazi kwamba shida yako ni usiku, kwa sababu kwenye ule ubao wa herufi mchana unaweza kusoma zote.