Majimaji: Imani Iliyotangulia Vita

Vita vya Majimaji, vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi pale watu wa Nandete walipong'oa pamba waliyolazimishwa na Wajerumani kuilima, hukumbukwa zaidi kwa dawa iliyosemekana kugeuza risasi kuwa maji. Anayeishia hapo hucheka kabla ya kuisikia habari yenyewe, kwa kuwa mapigano yalitanguliwa na ibada.

Mwaka 1904, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale alipandwa na pepo aitwaye Hongo. Wazee waliohojiwa na mwanahistoria Gilbert Gwassa katika miaka ya 1960 walisimulia kwamba alitambaa kwa tumbo hadi kwenye kidimbwi, akazama, na kesho yake akaibuka nguo zikiwa kavu, akaanza kutabiri. Alijenga nyumba kubwa ya mizimu, yaani roho za wahenga, akatangaza kwamba waliokufa watarudi. Watu walimwendea kwa makundi, wakatoa sadaka na kupewa maji yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo na mbegu za mtama.

Dawa ya maji haikuwa ngeni, maana zilikuwako za kukinga mazao. Kilichokuwa kigeni ni upana wa jamii iliyokusanywa: tambiko la kawaida lilikuwa la ukoo, na mizimu ya ukoo mmoja haikumhusu jirani, ilhali Ngarambe iliwapa watu wa makabila mbalimbali wahenga wa pamoja, na pamoja nao jibu moja kwa swali la kwa nini mwenye ardhi achapwe viboko juu ya ardhi yake.

Kinjikitile alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, na tarehe 30 ya mwezi huohuo bunduki za rashasha ziliwafyeka walioshambulia boma la Mahenge. Imani haikufa siku hiyo, kwani maji yalikuwa na miiko: mpiganaji asilale na mwanamke, asipore mali, na aliyeanguka alihesabiwa kuwa ameivunja. Huenda msomaji wa leo akaona hapo kisingizio tu, lakini kwa wafiwa kifo kilipata sababu.

Kilichoyashinda maelezo hayo ni njaa, kwa kuwa majeshi ya Kijerumani yalichoma mashamba na maghala, na waliokufa kwa kukosa chakula wakawazidi mbali waliouawa kwa risasi. Baada ya hapo wengi wa kusini waliingia Uislamu au Ukristo, ingawa matambiko ya mizimu yaliendelea.