Je, Wajua? Ufunguo Utangazwao Hadharani

Tangu zama za kale, mtu aliyetaka kumpelekea mwenziwe waraka wa siri alikabiliwa na mushkili ambao ustadi wa maandishi peke yake haukuweza kuuondoa: kabla ya kuipeleka siri, sharti autangulize ufunguo wa kuifumbulia, nao ufunguo huo ni siri vilevile, wataka mjumbe mwaminifu wa kuubeba. Ndipo mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wakatoa rai iliyofanana na mzaha, ya kwamba funguo ziwe mbili zilizozaliwa pamoja: mmoja wa kufungia, ambao mwenyewe huutangaza kwa kila autakaye, na wa pili wa kufungulia, usiotoka mkononi mwake abadani. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakaitimiza rai hiyo kwa hesabu ya namba tasa mbili kubwa mno, ambazo kuzizidisha ni kazi ya kufumba na kufumbua, bali kuzitambua tena kutoka katika zao lake ni kazi iwezayo kuishinda mitambo yote iliyopo.

Barua pepe za raia wa kawaida ziliipata hifadhi hiyo mwaka 1991, Phil Zimmermann alipoieneza programu yake iitwayo PGP, akajiletea uchunguzi wa serikali uliodumu hadi 1996, kwa kuwa sheria ya Marekani ya wakati ule iliuhesabu usimbaji wenye nguvu katika jumla ya zana za vita zisizotolewa nje ya nchi bila idhini, ingawa mwishowe hakushtakiwa.

Mintarafu ya kuchagua ufunguo, mtumiaji wa PGP hachagui kitu kwa akili yake, na bora iwe hivyo, maana binadamu akiambiwa ataje namba ovyo aghalabu huangukia mwaka aliozaliwa mwanawe. Programu ya siku zile ilimwamuru abonyeze vitufe bila mpango, nayo ikawa inapima, kwa vipande vidogo vya sekunde, muda uliopita baina ya kidole kimoja na kingine, kwani katika kusitasita huko mna bahati nasibu ambayo hata mwenye vidole hawezi kuirudia. Alichoachiwa achague mwenyewe ni fungu la maneno la kuulinda ule ufunguo wa siri ndani ya kompyuta yake, na hapo ndipo mwaka wa mwana hurejea.

Kuugawa ufunguo wa kufungia kwaonekana jambo jepesi, ilhali ndipo penye utelezi wote, kwa sababu hakuna kimzuiacho laghai kutengeneza funguo zake, akazitia jina la mwingine, akazitandaza mtandaoni, akangoja barua zisizo zake. Kwa hiyo kila ufunguo una alama yake ya kidole, kwa kawaida mfuatano wa herufi na tarakimu 40 zilizopangwa nne nne, ambao marafiki husomeana kwa simu, mmoja akitamka na mwingine akifuata kwa kalamu. Na wasiojuana hukutana ana kwa ana, wakaonyeshana pasipoti, kisha kila mmoja akautia sahihi ufunguo wa mwenziwe, ili rafiki wa rafiki apate kuuamini kwa ushahidi huo.

Utaratibu huu wapendeza karatasini. Mwaka 1999 Alma Whitten na J. D. Tygar walichapisha habari za jaribio walilowapa watu 12 waliozoea barua pepe, kila mmoja kwa dakika 90, atume ujumbe kwa PGP: watatu waliipeleka siri ikiwa wazi, na saba walizifunga barua za wenzao kwa funguo zao wenyewe, hata wapokeaji wakajibu kwamba barua zimefika lakini hazifunguki.