Kompyuta ikisema faili halipo, usikubali kufuta kila kitu

Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana mjukuu wangu alinijia sebuleni: "Babu, ile ya sauti haifunguki."

Hapa kwetu Muscat sote tunajua "ile ya sauti" ni nini. Ni programu niliyorekodia simulizi za marehemu mama, akitaja ukoo wetu tangu Unguja, nani kamzaa nani na nani kahamia wapi. Kazi zake hazifunguki kwa programu nyengine. Nikibonyeza, kinatokea kidirisha: haiwezi kuendelea kwa sababu MSVCP140.dll halikupatikana.

Nikampelekea fundi mmoja. Hata hakuitazama sana. "Tufute yote, tuanze upya." Na sauti za mama je? Akainua mabega. Nikabeba kompyuta yangu nikarudi nayo.

Nyumbani nikausoma ule ujumbe mpaka mwisho. Kumbe unasema wenyewe kwamba kuiweka programu upya huenda kukasaidia! Nimesahihisha mitihani miaka mingi, najua watu husoma swali nusu. Safari hii ni mimi.

Ndugu msomaji, programu nyingi za Windows hazibebi kila kitu zenyewe. Huazima vipande vya pamoja, kama majirani wanavyoazimana sufuria la pilau siku ya shughuli. Faili hilo ni kipande kimojawapo, na hutolewa na Microsoft ndani ya furushi liitwalo Visual C++ Redistributable. Mtu akilifuta kwa kutafuta nafasi, au kinga ya virusi ikilitilia shaka na kulifungia, programu zinazolitegemea zinagoma. Sauti za mama zilikuwa salama. Kilichokosekana ni sufuria.

Mpwa wangu akasema lishushe hilo faili moja tu kwenye mtandao, zipo tovuti zinazoligawa bure. Nikakataa. Faili la kuokota hujui limetiwa nini, na toleo lake laweza kuwa silo.

Kwanza nikanakili folda nzima ya rekodi kwenye flashi, nikalinganisha idadi ya mafaili. Hapa usifanye haraka. Programu nyengine huhifadhi kazi zako kwenye folda iliyofichwa, AppData, na ukifuta bila kutazama huko umekwisha. Kama programu ni ya kununua, andika namba yake ya leseni kwenye karatasi.

Kisha nikaingia kwenye mipangilio, orodha ya programu, nikaiondoa ile ya sauti. Nikaizima kompyuta na kuiwasha. Ndani ya Program Files folda yake ilikuwa bado imebaki na makapi, nikaifuta hiyo tu. Matoleo ya zamani ya Visual C++, ya 2010 na 2013, usiyaguse, kuna programu zinazoyahitaji.

Furushi jipya nililichukua kwa Microsoft wenyewe, yote mawili, x64 na x86, maana hata kwenye Windows ya biti 64 zipo programu za biti 32. Mwisho nikashusha programu kutoka kwa waliyoitengeneza, nikaiweka, nikawasha tena.

Ikafunguka. Mama akakohoa kidogo, kisha: "Haya, umeshika kalamu?" Mjukuu akauliza anaongea na nani.

"Na mimi," nikamwambia. "Kaa usikilize."