Tarakilishi imefunzwa Kiswahili, Kimvita kikaachwa mlangoni

Watu wengi wanaofuatilia habari za akili unde hudhani kwamba Kiswahili kilianza kufunzwa mashine juzi tu, simu za kisasa zilipoanza kututafsiria ujumbe. Sivyo. Kazi hiyo ina umri wa miaka arubaini. Ilianza kabla intaneti haijafika kwetu, tena ilianzia mbali na pwani hii, katika nchi ya barafu ambako mnazi hauoti. Leo nataka tuifuate kazi hiyo, kwa sababu ndani yake mna jambo ambalo sisi tulio katika taaluma ya lugha hatujalisema kwa sauti ya kutosha. Kiswahili kilichoingizwa katika tarakilishi ni cha namna moja, na si kile wanachozungumza wazee wa Kuze, Kibokoni au Mkanyageni.

Nchi hiyo ya barafu ni Ufini. Kwa nini Ufini? Jibu limo katika lugha yao. Chukua neno la Kifini talossanikin. Ni neno moja tu, lakini maana yake ni "hata nyumbani mwangu". Talo ni nyumba, ssa ni mahali pa ndani, ni inaonyesha kwamba nyumba ni yangu, na kin ndiyo "hata". Mswahili akiona hivyo hashtuki, maana naye ana hawatakupikia: ha ya kukanusha, wa ya watendaji, ta ya wakati ujao, ku ya mtendewa, pik ambao ndio mzizi, i ya kutendea na a ya kumalizia. Mofimu saba zimebanana katika neno moja kama abiria wa matatu ya jioni.

Wahandisi waliokuwa wakishughulikia Kiingereza waliweza kupanga maneno katika orodha na kuiambia mashine itafute humo. Kwa Kiswahili mbinu hiyo haifiki mbali. Kitenzi kimoja kama pika, ukikizungusha katika nafsi, nyakati, ukanushi na kauli zake, kinazaa maelfu ya maumbo. Hakuna kamusi inayoyaorodhesha yote, wala haifai kuwako.

Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Chuo Kikuu cha Helsinki alitoa tasnifu iliyolitatua tatizo hili kwa Kifini. Wazo lake ni jepesi kulieleza. Fikiria mistari miwili, mmoja juu na mwingine chini. Mstari wa juu una mofimu zilivyo katika sarufi, na wa chini una neno linavyoandikwa. Kati ya mistari hiyo kuna kanuni zinazosema ni herufi gani ya juu inaruhusiwa kukabiliana na herufi gani ya chini, na katika mazingira gani. Juu tuna mu na ana, chini tunapata mwana. Juu tuna ki na akula, chini tunapata chakula. Uzuri wake ni kwamba mashine huweza kwenda pande zote mbili: ukiipa neno inalichambua, na ukiipa mofimu inaziunga. Mfano huo wa chakula uweke akilini, tutauhitaji hapo mbele.

Huko huko Helsinki alikuwako Arvi Hurskainen, mwanaanthropolojia aliyekwisha kufanya utafiti Tanzania. Alianza kukiingiza Kiswahili katika mfumo wa Koskenniemi mwaka 1985, na mwaka 1992 akachapisha maelezo ya namna mashine yake inavyochambua maneno yetu. Kazi hiyo ilikua ikawa mfumo mzima uitwao SALAMA. Jina ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza, ila sikio la Mswahili linalipokea bila taabu.

Kuchambua neno, hata hivyo, ni nusu ya safari. Hebu tazama neno paa. Lipo paa la nyumba, yupo paa wa mwituni, na kipo kitenzi cha kupaa angani. Mashine ikikutana na herufi hizo tatu inatoa majibu matatu, nayo yote ni sahihi. Hapo ilihitajika sarufi ya pili, ya kuondoa majibu yasiyofaa kwa kuangalia majirani wa neno. Kanuni za namna hiyo ziliasisiwa na Fred Karlsson, pia wa Helsinki, mwaka 1990. Kwa Kiswahili zilifaa mno, kwa kuwa ngeli zetu hazifichi kitu. Paa limevuja, basi ni la nyumba. Paa amekimbia, basi ni mnyama. Upatanisho wa kisarufi unaowatoa jasho watoto wa shule ulikuwa zawadi kwa mhandisi.

Kufikia hapo, mtu ndiye aliyekuwa akiandika kanuni. Miaka ya 2000 upepo uligeuka. Watafiti duniani walianza kuiacha mashine ijifunze yenyewe kutokana na matini nyingi. Mwaka 2006 Guy De Pauw wa Antwerp na Gilles-Maurice de Schryver wa Ghent, wakiwa na Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walionyesha kwamba mashine inaweza kujifunza aina za maneno ya Kiswahili bila kuandikiwa kanuni. Ilijifunza wapi? Katika hazina ya matini ya Helsinki, ambayo SALAMA ilikuwa imeshaiwekea alama. Hazina hiyo ilikuwa na maneno yapatayo milioni 12 na nusu, na toleo la pili lilifika kama milioni 25. Ni magazeti na vitabu, sehemu kubwa kutoka Tanzania. Kwa hiyo mwanafunzi alibadilisha njia ya kusoma, lakini kitabu kilikuwa kile kile.

Mambo yakaenda mbio. Mwaka 2009 Google iliweka Kiswahili katika huduma yake ya kutafsiri. Mwaka huo huo nyaya za mawasiliano za SEACOM na TEAMS, zilizolazwa chini ya bahari, zilifika nchi kavu papa hapa Mombasa. Mwaka 2019 wakatokea Masakhane, jumuiya ya watafiti wa Kiafrika wanaojenga zana za lugha zetu wenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa Kenya, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Maseno na wa Nairobi, walitoa hazina waliyoiita Kencorpus, yenye matini na sauti za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya. Naiheshimu sana kazi hii, na ndiyo sababu naitolea mfano. Katika Kiluhya walipambanua lahaja tatu: Kimarachi, Kilogooli na Kibukusu. Kiswahili kikahesabiwa kuwa kimoja.

Simlaumu mtu. Mazoea hayo yana asili, na asili yake ni mkutano. Mnamo Juni 1928 wajumbe wa makoloni ya Afrika Mashariki walikutana kuchagua lahaja ya kusanifiwa. Wamishenari wa CMS, ambao tangu Krapf afike 1844 walikuwa wamefanya kazi zao kwa Kimvita, waliitetea lahaja waliyoizoea. Walishindwa. Kiunguja kikapewa kiti, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ikaanza kazi ya kusanifisha. Na mkutano huo ulifanyika mji gani? Mombasa! Kimvita kilinyimwa kura nyumbani kwao.

Kwa vitabu vya shule uamuzi ule ulikuwa na mantiki yake. Lugha moja ya maandishi kwa nchi tatu nne si jambo dogo, nami ninayeandika makala hii kwa Kiswahili sanifu siwezi kujifanya sikufaidika. Ila kitabu cha shule hakikumfuata mtu nyumbani. Mtoto alisoma njia darasani, akarudi kwao akapita Ndia Kuu, barabara ambayo mpaka leo jina lake ni la Kimvita. Tarakilishi inamfuata mtu hadi kitandani. Imo mfukoni mwake, inamsahihisha anapomwandikia mamake, na sasa inataka kumsikiliza akisema.

Nimejaribu mwenyewe programu kadha. Niliandika sentensi tatu za kawaida kabisa kwa mwenyeji wa Mji wa Kale. "Mtoto ana ndaa" ilipigiwa mstari mwekundu, nikapendekezewa "Mtoto ana ndoa". "Mato yanamuuma" ikageuzwa "Moto". "Usinteke", yaani usinicheke, ikawa "Usiteke", na hapo tumetoka kwenye utani tukafika kwenye utekaji nyara. Unaweza kucheka, nami nilicheka. Lakini hizo huduma za afya na za benki zinazotarajiwa kuendeshwa kwa sauti, siku mama mtu mzima wa Kibokoni atakapoieleza mashine kwamba anaumwa na kitwa na mato, nani atacheka?

Jambo linaloniudhi ni kwamba kikwazo si cha kiufundi. Rudi kwenye ule mfano wa chakula. Mtu asiyejua Kimvita hudhani kuwa Wamvita huigeuza kila ch kuwa t. Hapana. Ch iliyotokana na kiambishi ki kukutana na irabu hubaki ilivyo: chakula, chombo na chuo ni vile vile. Zile ch nyingine, zilizo ndani ya shina lenyewe, ndizo nyingi zinazogeuka: macho ni mato, cheka ni teka, mchele ni mtele. Njia, njaa na njoo nazo ni ndia, ndaa na ndoo. Mabadiliko haya yana mpango. Ni kanuni za aina ile ile aliyoibuni Koskenniemi, za kuandikwa kati ya mstari wa juu na wa chini. Mwanafunzi mwenye bidii, akikaa na mzee mwenye subira, angeandika rasimu yake ndani ya muhula mmoja.

Kuna ugumu mmoja wa kweli. Je, teka hii ni ya kucheka au ya kuteka maji? Ndoo hii ni ya kuita mtu au ya kubebea maji? Msemaji wa Kimvita hasiti hata kidogo, kwa kuwa kwake hizo si sauti moja. Katika neno moja ulimi unagusa meno, katika jingine unagusa ufizi. Vilevile hupambanua kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi inayosindikiza k ya huyo wa baharini, na paa wawili wale wa kwetu vivyo hivyo. Yaani pale mashine ya Helsinki ilipolazimika kuuliza majirani wa neno, sikio la Mji wa Kale lilikuwa na jibu kabla neno halijaisha. Maandishi sanifu hayaonyeshi tofauti hizo. Kwa hivyo mashine iliyolelewa kwa magazeti haina habari nazo.

Lakini wapo waliokwisha kuzionyesha, tena zamani. Mwalimu Sikujua bin Abdallah, aliyefariki mwaka 1890, alifanya kazi hapa Mombasa na mmishenari W. E. Taylor, wakakusanya na kufafanua mashairi, yakiwemo ya Muyaka bin Haji. Taylor alitia alama katika herufi za Kirumi ili kutenganisha sauti hizo. Karne moja baadaye, mwaka 1997, Mwalimu Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha London, pamoja na P. J. L. Frankl, walichapisha mapendekezo ya kuandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu, nao waliyajenga juu ya Kiswahili cha Mombasa. Mapendekezo hayo hayakufia kabatini. Kevin Donnelly aliyatumia kutengeneza Andika!, programu inayobadilisha matini kutoka hati za Kirumi hadi za Kiarabu na kurudi. Kwa maneno mengine, kazi ya kuipa kila sauti ya Kimvita alama yake, ambayo wahandisi huiona kama hatua ya kwanza, imeshafanywa na Mmvita mwenyewe.

Kinachokosekana ni matini na sauti. Navyo havihitaji kuagizwa Ulaya. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, juu ya kisiwa hiki hiki. Kutoka Mji wa Kale ni mwendo mfupi wa tuktuk. Kizazi cha wanaokijua Kimvita bila kukichanganya kinapungua, na kila mwaka unaopita tunazika maneno pamoja na wenyewe.

Nimewasikia wazee wakiuliza swali ambalo wataalamu wa tarakilishi hawajazoea kuulizwa. Ati, nikikupa sauti yangu na miswada ya marehemu babangu, vitakuwa vya nani? Wanakumbuka kwamba karatasi nyingi za Kiswahili zilichukuliwa kwa nia njema, na leo anayetaka kuziona hupanda ndege. Swali hilo ni la haki, na jibu lake linapaswa kuandikwa na kutiwa saini kabla kinasasauti hakijawashwa: nakala ibaki na familia, jina la msemaji litajwe akitaka, na hazina yenyewe ikae Mombasa. Bila hayo, mimi mwenyewe singewashauri wafungue masanduku yao.