Nani Mwenye Mpira? Televisheni, Intaneti na Mnada wa Haki za Matangazo nchini Ufaransa

0. Utangulizi

Msamiati wa habari za michezo umejaa siku hizi maneno ya sokoni. Msomaji wa habari za kandanda hukutana na mnada, mafungu, mikataba, wateja na madeni kabla hajayafikia magoli. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini imekuwa hivyo, na hasa kuonyesha jinsi mashindano kati ya televisheni za kawaida na makampuni ya intaneti yanavyobadilisha hali ya vilabu na ya watazamaji.

Tumechagua mfano wa ligi kuu ya Ufaransa, Ligue 1, kwa sababu mbili. Kwanza, kati ya mwaka 2018 na 2025 ligi hiyo imepitia karibu kila jambo linaloweza kuipata ligi yenye kuuza mechi zake: bei kupanda mno, mnunuzi kushindwa kulipa, kampuni ya intaneti kuingia na kutoka, na hatimaye ligi kufungua kituo chake yenyewe. Pili, Canal+, ambayo ni mhusika mkuu katika kisa hiki, ni jina linalojulikana katika nyumba nyingi za Kongo. Yanayoamuliwa Paris hayakosi kutufikia Lubumbashi, Bukavu au Kisangani.

Tuanze na istilahi. Kwa "haki za matangazo" tunamaanisha ruhusa ya kuonyesha mechi katika eneo fulani na kwa muda fulani, ruhusa ambayo mwenye mashindano huiuza. "Dekoda" ni kile chombo ambacho wenzetu wa Tanzania hukiita king'amuzi. "Kutiririsha" ni kupeleka picha na sauti kwa njia ya intaneti, zikatazamwa papo hapo zinapofika, kama maji yapitayo mferejini bila kuwekwa kwanza mtungini.

1. Mechi ni bidhaa ya namna gani?

Filamu inaweza kutazamwa leo au mwakani bila kupungua thamani sana. Mechi haiko hivyo. Matokeo yakishajulikana, thamani yake huanguka mara moja. Kwa hiyo mwenye kununua haki za matangazo ananunua saa mbili ambazo hazitarudi.

Isitoshe, bidhaa hii haina badala. Mshabiki wa Marseille hatatosheka na mechi ya Lens kwa sababu tu ya pili ni rahisi kuipata. Atakwenda mahali mechi yake inapoonyeshwa, na akilazimika kulipa, mara nyingi atalipa. Sifa hizi mbili, yaani kuharibika upesi na kutokuwa na badala, ndizo zinazowavuta wenye televisheni wapigane kwa fedha nyingi ili kila mmoja awe mwonyeshaji wa pekee.

Ligi huuza mechi kwa mnada, ikizigawa katika mafungu. Mnada humfaa muuzaji iwapo wanunuzi ni wawili au zaidi na wanaogopana. Lakini ndani yake mna mtego. Hakuna ajuaye hasa fungu litaleta wateja wangapi; kila mmoja anakisia. Anayeshinda kwa kawaida ni yule aliyekisia juu kuliko wote, na aliyekisia juu kuliko wote mara nyingi ndiye aliyekosea kuliko wote. Wahenga walisema: tamaa mbele, mauti nyuma.

2. Sahani na mfereji

Televisheni ya setilaiti na ile ya intaneti hazitofautiani kwa chombo tu, bali kwa hesabu pia.

Setilaiti ikisharusha mawimbi yake, gharama ya kurusha ni ileile, wawe watazamaji kumi au milioni kumi. Lakini kabla ya hapo lazima pawe na sahani, dekoda, mafundi, maduka na wakala katika kila mji. Aliyejenga mtandao huo amefungwa nao: hawezi kuondoka nchini kwa siku moja.

Kampuni ya kutiririsha haihitaji sahani wala duka. Inaweza kuingia katika nchi mpya kwa haraka, ikitumia njia za mawasiliano zilizojengwa na wengine. Kwa upande mwingine, kila mtazamaji hupelekewa mkondo wake, na kwa hiyo gharama huongezeka kadiri watazamaji wanavyoongezeka. Picha pia huchelewa kwa sekunde kadhaa, hata jirani mwenye sahani akashangilia goli ambalo wewe hujaliona. Tena, mteja aliyejiunga kwa kubonyeza kitufe hujitoa kwa kubonyeza kitufe, hasa msimu unapokwisha.

Ni lazima vilevile kutenganisha aina mbili za makampuni haya. Kuna zile ambazo mchezo kwao ni chambo. Amazon, kwa mfano, huishi kwa biashara nyingi nyingine. Mechi humleta mtu mlangoni, naye akishaingia hununua viatu na vitabu. Kuna nyingine, kama DAZN, iliyoanza kutiririsha mwaka 2016, ambayo mchezo ndio bidhaa yake hasa. Ya kwanza yaweza kupata hasara katika mpira bila kuanguka. Ya pili haina duka la kufidia hasara hiyo.

3. Kisa cha Ligue 1

Canal+ ilianza kurusha matangazo mwezi Novemba 1984, ikiwa televisheni ya kwanza ya kulipia nchini Ufaransa, na mwezi huohuo ilionyesha mechi ya ligi moja kwa moja. Tangu hapo urafiki kati yake na vilabu ukawa kama ndoa. Mshindani mmoja, TPS, alijitokeza mwaka 1996. Mnamo Desemba 2004 Canal+ ilizinunua mechi zote kwa euro milioni 600 kwa msimu, na haukupita muda mrefu TPS ikaunganishwa nayo. Mwaka 2012 akaja mwingine, beIN Sports, wa kutoka Qatar.

Mwezi Mei 2018 ligi ilipiga mnada wa misimu ya 2020 hadi 2024. Kampuni ya Mediapro yenye makao Barcelona, ambayo haikuwa na kituo chochote cha ligi hiyo nchini Ufaransa, ilichukua sehemu kubwa ya mechi. Jumla ya mauzo ikapita euro bilioni 1.1 kwa msimu. Canal+ ilitoka mikono mitupu, ingawa baadaye ilichukua fungu la beIN Sports, mechi mbili kwa kila duru, kwa euro milioni 332 kwa msimu. Vilabu vilishangilia, vikaanza kutumia fedha ambazo hazijaingia.

Mediapro ilifungua kituo chake, Téléfoot, Agosti 2020. Wateja waliojiunga walikuwa wachache mno kulingana na bei iliyoahidiwa. Mwezi Oktoba 2020 kampuni hiyo haikulipa awamu yake, na Desemba ilikubali kuziacha haki. Ligi ililazimika kukopa ili vilabu visikwame. Hayo yalitokea wakati viwanja vilikuwa vimefungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, hata fedha za milangoni hazikuwapo. Aprili 2021 mmiliki wa klabu ya Bordeaux, bingwa wa Ufaransa mara sita, alitangaza kwamba hataendelea kuigharimia, akitaja ugonjwa huo na kuondoka kwa Mediapro. Mwaka 2024, ikilemewa na madeni, Bordeaux iliacha hadhi ya klabu ya kulipwa. Hatusemi kwamba televisheni peke yake ndiyo iliyoiua. Tunasema kwamba nyumba yenye nyufa haihimili nguzo yake kung'olewa.

Mwezi Juni 2021 Amazon iliingia. Ilipewa mechi 8 kati ya 10 za kila duru kwa euro milioni 250 kwa msimu, hali Canal+ ilikuwa bado imefungwa na mkataba wa milioni 332 kwa mechi 2. Msomaji apige hesabu mwenyewe: mechi moja ya Canal+ iligharimu zaidi ya mara tano ya mechi moja ya Amazon. Canal+ iliona kuwa hayo ni dharau, ikaelekeza fedha zake kwenye mashindano ya vilabu vya Ulaya, na ndoa ya 1984 ikavunjika.

Ilipofika zamu ya misimu iliyoanza 2024, viongozi wa ligi walitarajia tena bilioni moja. Mnada wa Oktoba 2023 haukuleta bei waliyoitaka. Mwezi Julai 2024, wiki chache kabla ya msimu, walikubaliana na DAZN kwa mechi 8 za kila duru, kwa takriban euro milioni 400 kwa msimu, na beIN Sports ikachukua mechi ya tisa. Mtaka yote hukosa yote. DAZN ilianza kwa kuuza kwa karibu euro 30 kwa mwezi kwa mwenye kujifunga mwaka mzima, na karibu 40 kwa asiyejifunga. Washabiki walinung'unika, na wengi wakakimbilia matangazo ya wizi. Mapema mwaka 2025 DAZN ilizuia sehemu ya malipo, na kabla ya msimu kwisha pande mbili zikaachana.

Agosti 2025 ligi ilifungua kituo chake yenyewe, Ligue 1+, kwa euro 14.99 kwa mwezi. Katika wiki chache za kwanza kilipata wateja zaidi ya milioni moja. Lakini sasa hakuna tena mnunuzi wa kubeba hatari: wateja wakipungua, vilabu ndivyo vinavyopungukiwa.

4. Mafunzo ya kisa

Funzo la kwanza ni kwamba bei ya mnada si mali. Ahadi ya bilioni moja isiyolipwa ni duni kuliko milioni 600 zinazolipwa kila awamu. Muuzaji anapaswa kuuliza si tu "unatoa kiasi gani?" bali pia "utakipata wapi?"

Funzo la pili ni kwamba ushindani wa wanunuzi si lazima umpunguzie mtazamaji gharama. Sokoni, wachuuzi wawili wa mihogo ileile hushusha bei. Hapa kila mchuuzi ana mihogo yake ya pekee, na mteja atakaye yote hulipa mara mbili. Haki zinapotawanyika, gharama ya kuwa mshabiki hupanda, na wizi wa matangazo hupata wafuasi hata miongoni mwa watu waaminifu.

Funzo la tatu linahusu sheria. Ufaransa ina amri ya Desemba 2004 inayotaja matukio ya michezo ambayo hayaruhusiwi kufungwa ndani ya televisheni za kulipia peke yake, miongoni mwayo yakiwa Tour de France na fainali ya kombe la nchi. Maana yake ni kwamba dola imekiri kuwa baadhi ya michezo ni mali ya umma, hata kama mpira wenyewe ni biashara.

5. Yanatuhusu nini?

Mwezi Septemba 2025 Canal+ ilikamilisha kuichukua MultiChoice ya Afrika Kusini, yenye DStv. Makampuni mawili yaliyokuwa yakishindana katika minada ya Afrika yamekuwa nyumba moja. Tumekwisha kuona kwamba mnada humfaa muuzaji wanunuzi wanapokuwa wawili au zaidi. Ligi ya Kiafrika inayotaka kuuza mechi zake sasa ina mlango mmoja mkubwa pungufu wa kubisha.

Je, intaneti itakuwa mlango huo wa pili? Tufanye hesabu ndogo. Picha ya megabiti 3 kwa sekunde, kwa mechi ya saa mbili pamoja na mapumziko, hutumia gigabaiti 2.7. Mwenye kununua intaneti kidogo kidogo katika simu yake anajua maana ya kiasi hicho, na umeme ukikatika mambo huwa magumu zaidi. Tena, dekoda moja huweza kukusanya mtaa mzima mbele ya kioo kimoja, hali programu ya simu humlenga mtu mmoja mmoja. Kuhama kutoka sahani kwenda intaneti si kubadili chombo tu. Ni kubadili namna ya kukaa pamoja.

Hata hivyo mfano wa matumaini upo jirani. Mwaka 2021 Shirikisho la Mpira la Tanzania lilitia sahihi na Azam Media mkataba wa miaka kumi wa ligi kuu, wenye thamani ya shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Kiasi hicho ni kidogo kwa kipimo cha Ulaya, lakini kina sifa mbili: mnunuzi ni wa nchini, na mechi hutangazwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Fiston Mayele aliondoka AS Vita Club ya Kinshasa akaenda Yanga ya Dar es Salaam. Hatuwezi kusema kwamba televisheni ndiyo iliyomvuta, lakini ligi inayoonekana kila wiki huvutia kuliko ligi isiyoonekana.

Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Mtangazaji wa mpira ni mwalimu wa lugha mwenye wanafunzi wengi kuliko profesa yeyote. Anayenunua haki za matangazo ndiye anayechagua pia lugha ya matangazo. Mechi ikiuzwa kwa kampuni isiyomhesabu msemaji wa Kiswahili miongoni mwa wateja wake, lugha yetu hunyamaza kwa dakika 90.

6. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vita kati ya sahani na intaneti si vita kati ya ya kale na ya kisasa. Katika Ufaransa, aliyeshindwa kwanza alikuwa na televisheni, Mediapro. Aliyeshindwa baadaye alitiririsha, DAZN. Wote wawili walinunua kwa bei ambayo wateja hawakuweza au hawakutaka kuirudisha. Kinachodumu si chombo bali ni uwiano kati ya bei, uwezo wa mtazamaji na mahitaji ya klabu.

Wenye kusimamia michezo katika nchi yetu watakapoketi kuuza mechi za vilabu vyetu, inafaa wawe na maswali matatu mezani: nani atalipa kwa hakika, nani ataweza kutazama, na atazisikia kwa lugha gani? Lisipojibiwa hata moja kati ya hayo, mpira utakuwa na mwenyewe, nao waliompa thamani hiyo, yaani washabiki, watabaki nje ya uwanja wakisikiliza kelele.