Simu za Usiku na Usingizi wa Vijana wa Simiyu

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10 kila usiku. Ndivyo walivyoshauri wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani mwaka 2016, na mkoani Simiyu hesabu hiyo ni ngumu kutimia. Mwanafunzi wa sekondari anayeishi mbali na shule, awe wa Itilima, Meatu au pembezoni mwa Bariadi, huamka saa 11 alfajiri, akafagia uwanja au kuchota maji, kisha akashika njia. Ili atimize saa 8, usingizi uwe umemchukua tangu saa 3 usiku. Muda huo ndipo simu ya mzazi inapopatikana, kwa kuwa mchana kutwa ilikuwa shambani au sokoni na mwenyewe.

Wengi hudhani wazee wa zamani walilala na kuku. Wahadzabe, ambao huishi kandokando ya Ziwa Eyasi na baadhi yao ndani ya wilaya ya Meatu, wanaonyesha vingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwapima watu wazima wa jamii hiyo pamoja na Wasani wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, wote wakiishi bila umeme. Kwa wastani walishikwa na usingizi zaidi ya saa 3 baada ya jua kuzama, na usingizi wao ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1. Kukesha kidogo kwa mazungumzo kando ya moto, basi, hakukuletwa na simu.

Kwa kijana kuna jambo la ziada. Anapobalehe, saa ya mwili husogea mbele, na homoni ya melatonini, inayoutayarisha mwili kulala, huanza kutoka kwa kuchelewa. Kijana asiyesinzia saa 3 si mkaidi. Mwili wake bado uko macho. Mwanga wa kioo cha simu huongeza uchelewaji huo, ingawa lawama zinazoelekezwa kwa mwanga zimezidi kiasi. Katika jaribio lililofanyika Boston, watu 12 walisoma kwenye kifaa chenye mwanga kwa saa 4 kabla ya kulala. Melatonini yao ilipungua kwa zaidi ya nusu, lakini usingizi ulichelewa kwa dakika 10 hivi tu kuliko waliposoma kitabu cha karatasi.

Kinachokula usiku zaidi ni kile kilichomo ndani ya simu. Video fupi hufuatana bila kukatika, na kundi la WhatsApp la darasa huchangamka watu wazima wanapolala. Vipo pia vifurushi vya bei nafuu vinavyotumika usiku wa manane pekee, kwa hiyo asiye na hela ya bando la mchana husubiri saa 6. Katika chumba wanamolala ndugu watatu, mmoja hujifunika shuka gubigubi, sauti ameizima, mwanga ameupunguza. Picha ya kumdhalilisha mwenzake ikiingia saa 7 usiku, hana wa kumwambia mpaka kukuche.

Akili iliyokosa usingizi hulipokea jambo hilo vibaya. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani waliwapima watu waliokesha kwa saa 35 na kukuta kwamba sehemu ya ubongo inayoshughulikia hofu iliitikia picha za kuudhi kwa nguvu zaidi, kwa zaidi ya asilimia 60, kuliko ya waliolala. Hasira za asubuhi, machozi ya ghafla na kushindwa kufuatilia somo vina mzizi hapo. Hata hivyo, simu si chanzo cha kila huzuni. Kijana mwenye sonona huweza kukosa usingizi kwanza, kisha akaishika simu ili usiku upite. Kumnyang'anya bila kumsikiliza ni kumwacha peke yake na maumivu yake.

Nyumbani, hatua yenye nguvu ni simu zote, za baba na mama zikiwemo, kulala sebuleni kwenye chaji. Anayeitumia kuamkia anaweza kupewa simu ndogo ya kitochi. Huzuni, woga au kukosa usingizi kukipita wiki mbili, kijana apelekwe kituo cha afya, au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Nyaumata, Bariadi. Akizungumzia kufa au kujidhuru, apelekwe siku hiyohiyo. Mtoto asiyeweza kuzungumza na wa nyumbani anaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.